Faili Linakwenda kwa Nani? Wanawake wa Jamii za Wachache na Uwakili Marekani

Walimu wetu, na ninyi wanafunzi wa sheria, asanteni kwa kunikaribisha.

Ukiuliza kwa nini wanawake Weusi, Walatino na wenye asili ya Asia wanazihama kampuni kubwa za uwakili Marekani, jibu la haraka utakalopewa ni watoto. Alizaa, kazi za usiku zikamshinda, akaondoka. Jibu hilo silikubali. Akina baba mawakili nao wana watoto, na hakuna anayewauliza. Mimi nataka tuangalie kazi inavyogawanywa.

Katika kampuni hizo wakili kijana hupimwa kwa saa wanazotozwa wateja kwa kazi yake. Saa hizo hazipati mpaka mbia mmoja, yaani mmoja wa wenye kampuni, amwite na kumkabidhi faili. Naye mbia humwita anayemzoea: waliyecheza naye gofu, anayemkumbusha ujana wake mwenyewe. Asiyeitwa hubaki kupekua nyaraka, tena kwa bidii. Miaka saba, minane ikipita, wabia wapya wanachaguliwa. Wenzake wamesimama mahakamani na wana wateja wanaowapigia simu moja kwa moja. Yeye anaambiwa kwa upole kwamba bado hajaiva. Nani angemwivisha?

Mwaka 2006 Chama cha Mawakili cha Marekani kilitoa utafiti kuhusu wanawake hawa. Asilimia 44 walisema wamewahi kunyimwa kazi nzuri. Kwa wanaume Weupe ilikuwa asilimia 2. Nawaomba mtulie na tarakimu hizo mbili. Ni watu waliofaulu mtihani uleule wa uwakili, wameajiriwa chini ya paa moja.

Na jambo hili ni la zamani. Charlotte Ray alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1872, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa wakili Marekani. Akafungua ofisi Washington, akitaka kufanya sheria ya makampuni. Mwaka 1875 alimtetea mwanamke aliyeomba talaka kwa mume mkatili. Uwezo alikuwa nao, na waliomjua walikiri hivyo. Wateja wa kumtosha hakuwapata, kwa sababu ya ubaguzi, na kufikia 1879 alikuwa amerudi New York, akifundisha shule za Brooklyn. Huyu naye mtasema aliacha kazi? Mimi nasema kazi ilizuiwa isimfikie.

Kuna mtego mwingine, wa hesabu. Wanawake watano Weusi waliishtaki General Motors, kampuni ya kutengeneza magari, na mwaka 1976 mahakama ikakataa kuunganisha ubaguzi wa rangi na wa jinsia katika dai moja. Kampuni ilikuwa imeajiri wanawake, lakini Weupe. Na ilikuwa imeajiri Weusi, lakini wanaume. Ndiyo kesi aliyoichambua mwanazuoni wa sheria Kimberlé Crenshaw mwaka 1989. Kampuni za uwakili bado zinajisifu hivyohivyo: wanawake wameongezeka, Weusi wameongezeka. Ukitafuta waliomo katika makundi yote mawili, mwaka 2022 wanawake Weusi hawakufika asilimia 1 ya wabia katika kampuni kubwa.

Hata hao wachache waliofika juu, wengine huondoka, na hapa naumia zaidi. Mteja huandikwa kwa jina la mbia aliyemleta, na sehemu kubwa ya mapato humfuata mwenye jina. Mama huyu anaweza kubeba shauri miaka mitatu, akalishinda, na sifa ikabaki kwa mzee aliyejibu simu ya kwanza. Mzee akistaafu, mteja huyo anakwenda kwa wakili kijana aliyezoeana na mzee. Mwanamke mwenye akili timamu akiona hivyo mara ya pili, huenda serikalini, au hufungua ofisi yake.

Kwa hiyo siku ya usaili msiridhike na picha za kwenye tovuti. Ulizeni nani anagawa faili, na kama mgawanyo huo unaandikwa mahali. Ulizeni mbia akistaafu wateja wake huenda kwa nani, na nani anaamua. Kisha mtafuteni mwanamke aliyeondoka pale karibuni, mumsikilize kabla hamjatia saini.