Rafu ya Ukerewe

Shikamooni wazee. Na ninyi vijana mlionipokea mzigo pale mlangoni, marahaba. Nimeambiwa nina nusu saa. Aliyenipa nusu saa hajawahi kuolewa na mwalimu mstaafu.

Mada niliyopewa ni vitabu vizuri ambavyo watu wamevipita. Wiki iliyopita nilikaa nikaandika majina ishirini na moja, kuanzia Lamu hadi Lubumbashi. Mke wangu akaichukua ile karatasi akasema, hii ni orodha ya vifaa vya shule, hakuna atakayekwenda nayo nyumbani. Nimeiacha. Leo nakaa kwenye kisiwa kimoja tu, hapo ng'ambo, mahali ambapo ukipanda meli hapa Mwanza asubuhi, mchana unakula ukiwa Nansio, bandarini Ukerewe.

Ukerewe ukiitaja, watu wanakumbuka machungwa. Wengine wanakumbuka ile tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, na hilo halisahauliki. Lakini kisiwa kile kimetupa Aniceti Kitereza, kikatupa Euphrase Kezilahabi, kikatupa na Gabriel Ruhumbika. Waandishi watatu wa riwaya kutoka kisiwa kimoja cha wavuvi na wakulima wa muhogo! Kuna mikoa mizima inayotafuta wa kwanza.

Hebu tunyooshe mikono. Nani amesoma Rosa Mistika ya Kezilahabi? Naona mikono mingi, ahsanteni, shusheni. Nani amesoma Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Kitereza? Watatu. Na mmoja wa hao watatu ni mke wangu, ambaye simhesabu kwa sababu nilimsomea akiwa anapika, hakuwa na pa kukimbilia.

Basi tuanze na hicho. Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisomeshwa na wamisionari, akajua lugha za kigeni kadhaa, halafu akafanya jambo ambalo wasomi wa wakati wake hawakulifikiria: akaketi akaandika riwaya ndefu kwa Kikerewe. Aliimaliza mwaka 1945. Nani angechapa riwaya nene ya lugha inayozungumzwa kisiwani? Hakupatikana. Miaka ikaenda. Mzee, akiwa na uzee wake, akaanza upya: akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, yote. Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Piga hesabu, ni miaka 35. Mwaka uliofuata, 1981, akafariki, nakala zikiwa bado hazijamfika mkononi.

Nawaomba msikisome kitabu hiki kwa kumhurumia mwandishi. Huruma itakufikisha ukurasa wa thelathini, halafu utakiweka. Kisomeni kwa sababu ni habari ya mapenzi. Mume na mke hawajajaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno, tena yale maneno ya kusemwa mtu akiwa anasikia. Wazazi wa mke wanapandwa na hasira, wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anabaki peke yake, mwanamume mzima hajui aanzie wapi ndani ya nyumba yake. Kila mtu anamwambia oa mwingine. Yeye hataki mwingine, anamtaka Bugonoka. Na wakwe wanasema sawa, utampata, ila kwanza tuletee pombe ya ndizi.

Hapo ndipo wengi wanapokifunga kitabu. Kwa sababu Kitereza hakwambii "akapika pombe akapeleka". Anakupitisha kwenye kazi yenyewe, ndizi zinavyopatikana, zinavyoiva, zinavyokamuliwa, nani aliitwa kusaidia, nani alisema nini. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia, mwalimu, hii ni riwaya au ni mafunzo ya ujasiriamali? Tulicheka. Lakini nikamrudisha: soma tena ukiwa unajua kwamba kila ndizi inayokamuliwa pale ni hatua moja ya kumrudisha mke nyumbani. Mtu anayengoja pombe ichachuke ndiyo apate kumwona ampendaye, wewe unamharakisha uende wapi?

Nakala yangu ni hii. Niliinunua kwa kijana anayetandaza vitabu kando ya barabara, chini kabisa, juu yake kukiwa na rundo la majibu ya mitihani. Kona imeliwa na mchwa. Ndani ina muhuri wa shule moja ambayo sitaitaja, na huku nyuma, mnaona, ile karatasi ya kugongea tarehe ya kurudisha. Ina tarehe mbili. Moja ya 1984, moja ya 1991. Halafu weupe mtupu mpaka chini. Nimeitazama karatasi hii mara nyingi kuliko nilivyotazama picha ya harusi yangu. Samahani, mama.

Lawama ni zetu sisi walimu, niseme wazi. Tulimzoesha mtoto kwamba kitabu ni dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, funga daftari. Kisichokuwa kwenye mtihani hakina muhtasari, na kisicho na muhtasari tukakiona hakipo. Kitereza kwa Kijerumani yupo. Kwa Kiingereza yupo tangu 2002, Mkuki na Nyota walipotoa tafsiri ya Ruhumbika kutoka kwenye Kikerewe chenyewe. Hapa kwetu anakaa chini ya majibu ya mitihani.

Huyo Ruhumbika naye nimpitie haraka. Tafuteni Miradi Bubu ya Wazalendo, ya mwaka 1992. Wakubwa wenzangu jina hilo linawatosha, mnakumbuka mishahara ilipokuwa haifiki katikati ya mwezi na kila mtumishi ana kuku uani na ng'ombe mmoja wa siri. Ila yeye anachimba chini zaidi ya kuku. Anauliza uhuru ulimfikia nani.

Sasa Kezilahabi. Rosa Mistika, ya 1971, mmeisoma, nzuri, mabinti walioisoma kwa kuificha chini ya godoro ni bibi sasa. Lakini mtu huyo huyo wa Namagondo, kijiji cha huko huko Ukerewe, aliandika Gamba la Nyoka mwaka 1979, juu ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, wakati jambo lenyewe bado bichi. Akaandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Vitabu vyembamba, unaweza kuviweka vyote viwili kwenye mfuko wa koti.

Nagona ilinikasirisha. Nilitafuta hadithi, sikuiona. Mtu anatembea, anakutana na mambo, huyo anakuja, yule anapotea. Nikaitupa juu ya kabati. Miezi baadaye umeme ukakatika siku nne mtaani kwetu, simu imezima, redio haina betri, nikaishusha. Nikaanza kuisoma kwa sauti, taratibu, kwenye mwanga wa kibatari. Ikafunguka. Sikuielewa, msinielewe vibaya, ila nilianza kuisikia, kama mtu anayesikia ngoma ya mtaa wa pili bila kujua sherehe ni ya nani. Kumbe yule ni mshairi, ndiye yule wa Kichomi, diwani ya mashairi huru, aliyewachokonoa watu wa vina na mizani. Nilikuwa namsoma kwa macho ya mahakama.

Naona pale nyuma mtu ananyoosha mkono. Ndiyo, mama. Vinapatikana wapi? Swali zuri, na jibu langu si zuri. Duka kubwa ukiuliza utaambiwa vimeisha. Waulizeni wanaotandaza chini, tena mwambie akuinulie rundo lote, usiridhike na vya juu. Waulizeni walimu waliostaafu. Mtu akifariki na alikuwa msomaji, msione haya kuuliza familia vitabu vinakwenda wapi, kabla havijafungiwa maandazi.

Leo nimekuja na vyangu vinne, viko hapa mezani, pembeni kuna daftari. Andika jina na namba ya simu, mwandiko usomeke. Myombekere nampa mtu kwa miezi mitatu, hivyo vingine mwezi mmoja. Na atakayechukua Mzingile asinipigie simu usiku kuniuliza maana yake.