Abiria Ananunua Saa: Ndege Ndogo na Uwanja wa Mjini Dodoma

Mbukwenyi!

Nimeombwa nizungumzie usafiri wa anga Kanda ya Kati, mada pana mno kwa jioni moja. Nitashika kipande kimoja tu, kile kile ambacho baadhi yenu mmenisikia nikikipigia kelele kila kikao: saa anazopoteza abiria akiwa bado yuko chini.

Kabla ya treni ya umeme kufika hapa, dada yangu alilazwa Dar es Salaam. Ndege ilikuwa saa mbili kamili asubuhi. Naishi Area C, uwanja nauona kutoka barazani kwangu, lakini niliambiwa nifike mapema, nikatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nikapanga foleni ya mizigo, nikapanga ya ukaguzi, nikavua mkanda, nikaketi. Saa mbili ikapita. Tukatangaziwa ndege imechelewa, sababu hatukupewa. Pembeni yangu mama mmoja mtu mzima, ameshika kikapu cha zabibu za mgonjwa wake, kila baada ya dakika chache ananiuliza, "Baba, bado?" Tukaruka saa nne kasoro robo. Hewani tulikaa kama saa moja. Tukatua, tukasubiri mizigo, tukaingia foleni ya Barabara ya Nyerere. Nafika getini hospitalini saa saba na dakika tano, mlinzi ananiambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha, nirudi saa kumi. Yule mama naye yupo, na kikapu chake.

Sasa hesabuni nami. Zaidi ya saa saba safarini, na katika hizo, ndege imefanya kazi saa moja! Nimefanya kazi ya kupokea na kuaga ndege zaidi ya miaka 20, na nawaambia bila kumung'unya: kwenye safari fupi, kasi ya ndege si kitu kama chini mmefungwa. Ndiyo maana treni ya umeme, iliyoanza mwaka 2024, imeyanyang'anya mashirika ya ndege abiria wa Dar. Treni inakimbia kilomita 160 kwa saa, ndege inaipita mara tatu, na bado watu wamehamia kwenye treni.

Marekani kuna shirika liitwalo JSX, makao yake Dallas, lililoanza kuruka mwaka 2016. Limechukua ndege za Embraer, zile ambazo mashirika mengine huweka viti 50 kwenye modeli kubwa, likaweka viti 30. Halitumii jengo kuu la abiria. Linapakia kwenye majengo madogo ya ndege binafsi, upande wa pili wa uwanja. Abiria anafika dakika 20 kabla, mzigo unapokelewa, anakaguliwa, anatembea hadi kwenye ngazi. Huko wanaziita safari za nusu binafsi: ndege hukuikodi peke yako, kiti umenunua kama mtu mwingine yeyote, ila umeepushwa na mlolongo.

Najua kuna anayesema moyoni, mzee huyu anatuletea anasa za matajiri. Nimeshajibiwa hivyo mara nyingi na inanichosha, kwa sababu jambo lenyewe tunalo hapa nchini! Nendeni Arusha asubuhi. Mtalii anafika na begi laini lisilozidi kilo 15, anapanda Cessna Caravan ya abiria 12 hivi, rubani mwenyewe anamsalimia na kumwelekeza mkanda, na muda si mrefu yuko Seronera, ndani ya Serengeti. Hapa Dodoma nako, ndege ndogo za wamisionari wa MAF zimehudumia vijiji kwa miaka mingi. Kwa hiyo ujuzi tunao na marubani tunao. Ninachouliza ni hiki: kwa nini mtalii anayefuata simba apate, na daktari bingwa anayeitwa hospitali ya Haydom, kule Manyara, asipate? Kwa barabara, safari hiyo inammaliza siku. Kwa Caravan ni chini ya saa moja hewani, na ndege hiyo haihitaji lami, inatua kwenye changarawe iliyotunzwa.

Mtaniuliza nauli. Nauli itakuwa juu, sitawadanganya. Gharama za marubani na mafuta zikigawanywa kwa watu 12 haziwezi kulingana na zikigawanywa kwa 76 wa ndege kubwa zaidi. Ndiyo maana sisemi tushindane na treni kwenda Dar. Nasema Arusha, Iringa, Mbeya, Haydom, kule ambako kutoka hapa hakuna treni ya kukupeleka moja kwa moja.

Na usalama? Hapo msiige kila kitu cha Wamarekani. JSX inaruka chini ya kanuni za ndege za kukodi, ambazo ni nyepesi kuliko za mashirika makubwa kwenye mambo kama saa za uzoefu wa rubani msaidizi. Marubani wa huko wamelalamika sana, na mwaka 2024 mamlaka yao ya anga ikasema itapendekeza kanuni zibadilishwe. Tuchukue ufupi wa foleni. Ukaguzi na mafunzo visiguswe hata kidogo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mafuta na bima nitaviacha, ingawa nilikuwa na mengi. Lakini hili siliachi.

Uwanja mpya wa Msalato, nje ya mji, ukianza kazi, ndege kubwa zitahamia kule, na ni sawa, kule kuna nafasi. Tayari nasikia watu kwenye vijiwe wakigawana kwa mdomo ardhi ya uwanja huu wa mjini: hapa maduka, hapa nyumba. Jamani! Njia ya kurukia iliyo katikati ya mji, mtumishi anatoka ofisini na dakika kumi baadaye yuko kwenye ngazi ya ndege, hiyo ndiyo mali ambayo wenzetu wanailipia pesa nyingi. Ukishamwaga zege la ghorofa juu yake, hairudi. Nyinyi mnaosomea mipango miji, mtakapokaa kwenye meza ya ramani, ombeni kipande hicho kibaki cha ndege ndogo.

Mama pale nyuma, uliinua mkono nilipotaja Haydom. Tuanze na wewe.