Mpaka Upite Uani, Usipite Barabarani

Ndugu zangu, ramani ya matumizi ya ardhi hupakwa rangi, kila rangi na aina yake ya majengo yanayoruhusiwa, na mpaka wa rangi mbili mara nyingi hupitishwa katikati ya barabara. Kwa mchoraji ni rahisi, maana barabara tayari ipo. Sasa simameni kwenye barabara hiyo. Kushoto kwenu maghorofa yamesogea hadi ukingoni mwa njia ya miguu. Kulia, nyumba za chini zimerudi ndani, nyuma ya kuta. Pande mbili hazitazamani. Mimi naliona hili kuwa kosa kubwa kuliko urefu wa jengo lolote.

Mpaka huohuo ukisogezwa hadi pale viwanja vinapopeana mgongo, pande zote mbili za barabara hufuata kanuni moja. Ghorofa na nyumba ya chini hukutana uani, na hapo sheria za miji mingi hulitaka jengo refu lishuke kwa ngazi kadiri linavyomkaribia jirani.

Ngazi hizo zina historia. Mwaka 1915 jijini New York lilikamilika jengo la ofisi la Equitable Building, ghorofa 38 zilizopanda wima moja kwa moja kutoka ukingo wa barabara na kuitia mitaa ya jirani kivulini. Mwaka 1916 jiji likapitisha sheria: jengo likifika kimo fulani, kinachotegemea upana wa barabara, lianze kurudi nyuma. Juu ya robo ya kiwanja tu ndipo mnara uliruhusiwa kupanda bila kikomo. Ile minara ya ngazi mnayoiona pichani imetokana na kanuni hiyo.

Tatizo la upande wa mbele ni jingine. Kanuni nyingi husema jengo lisikaribie barabara kupita umbali fulani, lakini hazisemi lisirudi nyuma kupita wapi. Ongezeni sharti la idadi ya chini ya maegesho, basi magari hupangwa mbele, na duka huishia mbali na mpita njia. Jiji la Miami, Marekani, katika kanuni zake za mwaka 2009, iliandika mahali uso wa jengo unapopaswa kusimama. Buffalo, jiji jingine la Marekani, mwaka 2017 ikafuta sharti la maegesho jiji zima.

Kwa hiyo mkiitwa kutoa maoni, rangi ziacheni kwanza. Fuateni mpaka kwa kidole muone unapita wapi, kisha ulizeni mlango utakuwa mita ngapi kutoka njia ya miguu.