Vifaranga wa Julai: Mtetea Mmoja Anafunika Wangapi?

Kamwene! Kamwene sana, na asanteni kwa kuja. Asubuhi kama hii ya Njombe, umande umeganda kwenye majani, mtu kutoka kitandani tu ni kazi. Nimeombwa niseme juu ya kuku anayetotoa kipindi hiki cha Juni na Julai. Huku kwetu watu husema vifaranga wa baridi hawaponi, usihangaike nao. Wanapona. Ila tunamtwisha mama mzigo asiouweza, wakifa tunasema baridi.

Nianze na aibu yangu. Mwaka mmoja niliatamisha mitetea watatu siku moja. Walipototoa, nikafanya ile mbinu mnayoijua: vifaranga wote kwa mmoja, wale wawili nikawaachia warudi kutaga. Vifaranga 24, mama mmoja. Mwezi wa Januari mbinu hiyo siipingi hata kidogo, lakini ule ulikuwa Julai. Asubuhi ya pili nikakuta 9 wamelala ubavuni mwa mama, wamekakamaa kama vijiti. Hawakuwa wagonjwa. Walikosa nafasi chini ya bawa, basi.

Kifaranga mchanga anavaa vinyweleo tu. Joto lake hawezi kulishika mwenyewe mpaka aote manyoya ya kweli, kwenye wiki ya nne hadi ya sita. Wenye bruda, kile chumba cha kulelea vifaranga kwa joto bila mama, wanajua: wiki ya kwanza unawapa nyuzi 32 hadi 35, halafu unapunguza kama 3 kila wiki. Na usiku wetu huku unashuka chini ya 10! Sasa mtetea mwili wake una nyuzi kama 41, na akiatamia ananyonyoka manyoya pale kifuani, ngozi inabaki wazi. Jiko lenyewe ndilo hilo. Chomeka mkono usiku utasikia, kama umeuweka juu ya ugali uliofunikwa.

Kwa hiyo usihesabu mayai uliyonayo, pima mwili wa kuku. Huyu wa kienyeji mwenye umbo dogo, kipindi hiki mimi simpi zaidi ya mayai 8, mkubwa 10. Kama unataka kujua vifaranga wamemtosha, nenda kagiza kakiingia. Utamkuta ametandaza mabawa, ametutumua manyoya, amekaa kama kapu lililopinduliwa. Kichwa kimoja kikichungulia shingoni mwake, huyo mtundu tu, mwache. Lakini ukiona migongo imebaki nje na wanalia kwa sauti kali isiyokatika, hao wamezidi. Aliyepata joto analia polepole, kama anayejisemea.

Mzee hapo nyuma anauliza, waliozidi wapelekwe wapi? Tafuta mtetea mwingine anayeatamia. Mwendee usiku, gizani, umsukumie chini ya tumbo vifaranga wa siku moja au mbili, utoe mayai yake. Mara nyingi kukicha anawaita kama aliwatotoa yeye. Ila shinda hapo asubuhi uangalie, wapo wenye roho mbaya. Na usimpelekee waliokwisha fikisha wiki, atawadonoa vichwa.

Sasa unyevu, na hapa ndipo tunapoua wengi. Kifaranga mkavu ni mgumu kuliko mnavyodhani. Anatoka, anachakura, baridi ikimwingia anarudi chini ya mama, punde yuko nje tena. Aliyelowa hafiki jioni. Sahani ya maji ijaze kokoto, ibaki nafasi ya kuchovya mdomo tu. Asubuhi usiwafungulie mpaka umande ukauke, hata mama apige kelele mlangoni. Mimi nafungua saa nne. Kiota kisikae juu ya saruji, saruji inanyonya joto. Weka ubao, juu yake maranda ya kina cha vidole vinne. Watu wa Njombe tulie shida ya maranda, na viwanda vya mbao vinayachoma?

Kuna wanaoziba banda kila tundu kwa viroba, kisha wanaingiza jiko la mkaa. Jamani, hapana. Hewa ya mkaa inaua kuku kama inavyoua watu, na ile harufu ya mavi inayochoma macho inawaharibu vifua. Ziba chini, usawa wa kuku, upepo usiwapige. Juu karibu na paa acha wazi.

Mama naye msimsahau. Zile siku 21 anatoka mara moja kwa siku, dakika chache, anarudi. Anakonda. Mwekee mahindi na maji karibu. Na msimtenge na watoto kabla ya wiki ya sita eti arudi kutaga, sio mwezi huu.

Ugonjwa wa kideri na chanjo yake tutavisema siku nyingine, muda umekwenda. Nimekuja na mtetea wangu mwenye vifaranga 9, yuko kwenye tenga pale nje chini ya ukuta. Twendeni mtie mkono mmoja mmoja. Taratibu lakini, yule anadonoa.