Kwa nini mabasi yanakuja matatu kwa mpigo mvua ikinyesha

Asanteni, asanteni, kaeni tu. Naomba radhi nimechelewa, na mnaona nilivyolowa, alafu mada yenyewe ni usafiri wa mjini, yaani mfano hai ndo huyu amesimama mbele yenu.

Nimekaa kituoni dakika 40. Tumebanana chini ya kile kibanda, mwavuli wa dada mmoja unachuruzika moja kwa moja ndani ya kiatu changu cha kushoto, nikisogea namkanyaga mtu, basi nikamwacha anijaze. Alafu yakaja mabasi matatu yamefuatana kama ng'ombe wanaoenda kunywa maji. Pale wote wakasema madereva wanafanya makusudi. Leo nataka kuwatetea madereva, msinirushie chupa.

Iko hivi. Mabasi yanatoka stendi yameachana dakika 10. La mbele linakuta dimbwi, linapunguza mwendo, linachelewa dakika 2 tu. Ndani ya hizo 2 watu wameongezeka kituo kinachofuata, na ni watu wa mvua: huyu anahangaika kufunga mwavuli mlangoni, yule kadi imelowa haisomi, mwingine kaganda kwenye ngazi hataki kusogea ndani, na wale wa siku zote wa miguu na baiskeli leo nao wamo humo humo. Basi linazidi kuchelewa, kituo cha mbele yake watu wanazidi tena. La nyuma sasa linakuta watu wameshazolewa, linapakia wawili watatu linaondoka, linawahi, linawahi, mpaka linanusa mkia wa mwenzake. Na hakuna aliyefanya kosa.

Uchungu wenyewe uko hapa. Ofisini wataandika basi 1 kila dakika 10, wastani, na wala hawadanganyi! Ila tuseme yamepita kwa kuachana dakika 18, kisha 2, kisha 18, kisha 2. Wastani si bado 10? Lakini wewe unayetokea tu kituoni, katika kila dakika 20, dakika 18 ziko kwenye lile pengo refu na 2 tu kwenye lile fupi, sasa utaangukia wapi? Mabasi yangekuja sawasawa ungesubiri kama dakika 5, hivi unasubiri 8 na ushee, na mabasi ni yale yale, mafuta yale yale. Kwa hiyo ukihisi una gundu, huna gundu, karibu wote mliopo kituoni mmeangukia pengo lile lile.

Dawa ipo na wanaijua: la nyuma lishikiliwe kidogo kituoni mpaka nafasi irudi. Sasa hapo ndo vita, maana waliomo ndani wanaona tu basi limesimama, vioo vimejaa ukungu, hakuna anayethubutu kufungua dirisha, mtu anagonga bodi "twende bana!", na dereva kimya. Mimi lawama yangu naiweka kwenye huo ukimya. Si aseme tu tunasubiri dakika 2, tumelikaribia sana la mbele? Watanuna, ila watanuna wakijua.

Kuna mvua nyingine lakini hesabu hizi hazifui dafu. Zhengzhou, China, tarehe 20 Julai 2021, zilinyesha milimita 201.9 kwa saa 1. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, yaani chukua pipa zima la lita 200 umwage pale aliposimama mtu na begi lake, alafu fanya hivyo mji mzima. Maji yaliingia kwenye treni ya chini ya ardhi, watu 14 wakafa. Mvua ya hivyo sitaki kusikia habari za ratiba, treni zisimame mapema, tulalamike tukiwa hai.

Mtaniuliza, sasa wewe unayejua yote haya leo ulifanyaje? Nilijitosa la kwanza. Nafundisha watu kila siku kwamba la nyuma liko tupu, mlango ulivyofunguka tu nikasahau kila kitu, nikasukumana, nikaning'inia kwa mguu mmoja. Kituo cha pili tu, lile la tatu likatupita. Nikamuona yule dada amekaa dirishani, mwavuli wake ameupa kiti chake peke yake.