Kupulizia Kiuagugu Kwenye Kiwanja cha Nyasi na Kulisafisha Bomba la Mgongoni

Karibuni, ndugu watazamaji. Bomba mnaloliona hapa mezani ni la mgongoni, la lita 16, linalopampiwa kwa mkono, na asubuhi hii tutalitumia kupulizia kiuagugu cha 2,4-D kwenye kiwanja cha mpira kilichooteshwa ukoka. Dawa hii huua magugu ya majani mapana na kuuacha ukoka, mradi kipimo cha kwenye lebo kifuatwe. Ndago haifi kwa dawa hii. Kwa hiyo litambue kwanza gugu lililoko kiwanjani kwako, ndipo uende dukani.

Soma lebo yote kabla ya kufungua chupa. Mkanda wa rangi ulio chini yake huonyesha ukali wa sumu: nyekundu ni kali kupita zote, kisha njano, kisha bluu, na mwisho kijani, ingawa hata ya kijani ni sumu na inahitaji kinga. Kwa Tanzania, tafuta namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiinunue, hata ukipunguziwa bei, kwa sababu haina lebo, na mtoto akiiona ataidhania maji.

Vaa ovaroli ya mikono mirefu, glavu ndefu za mpira, miwani ya kinga na buti za mpira, pamoja na kinga ya pua na mdomo iliyoelekezwa kwenye lebo. Tazama mguu wangu: suruali iko nje ya buti, haikuchomekwa ndani, ili dawa ikitiririka ianguke chini badala ya kuingia mguuni na kukaa humo mchana kutwa.

Sasa tia maji matupu nusu ya tangi, pampu, kisha pitisha macho kwenye mfuniko, maungio ya mpira na kifyatuo. Tone moja likionekana hapa leo ni maji. Kesho litakuwa dawa inayoteremka mgongoni kwako. Badilisha kipira kilichochakaa kabla ya kuendelea. Nozeli ikiziba, isafishe kwa mswaki laini na maji, wala usiipulize kwa mdomo wala kuichokoa kwa waya, kwani waya hupanua tundu na kuharibu kipimo.

Hatua inayorukwa na wengi ni kupima bomba linatoa maji kiasi gani. Pima eneo la mita 10 kwa 10, weka vigingi kwenye pembe zake, pulizia maji matupu kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia yamepungua kiasi gani. Mimi nimetumia lita 4 kwa mita za mraba 100, maana yake lita 400 kwa hekta, na tangi langu la lita 16 linatosha mita za mraba 400. Kama lebo inataka lita 2 za dawa kwa hekta, kila tangi litatiwa mililita 80. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 kina mita za mraba 7,140, kwa hiyo nitajaza matangi 17, na la 18, la mwisho, nitalitia lita 13.6 tu za maji ya dawa, zenye mililita 68 za dawa. Hesabu hii ndiyo inayokuepusha na dawa inayobaki, ambayo hungejua uimwage wapi.

Tuchanganye. Maji nusu ya tangi kwanza, kisha dawa kwa kikombe chenye alama, suuza kikombe ndani ya tangi, halafu ongeza maji. Tunafanya kazi mapema, umande ukishakauka na kabla upepo wa bahari haujaamka. Rusha nyasi kavu chache juu: zikipeperushwa mbali, ahirisha, maana 2,4-D ikifika kwenye nyanya au mchicha wa jirani huvikunja majani na kuviua. Anza upande ambao upepo unaelekea, tembea ukikatisha upepo, na kila mstari mpya usogee kuelekea upepo unakotoka, ili usitembee ndani ya ukungu wa dawa. Zungushia kiwanja kamba, na asiingie mchezaji mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite.

Kazi ikiisha, bomba bado halijaisha kazi. Niliwahi kupewa bomba nipulizie mbolea ya maji, nami sikuuliza lilikuwa limetumika wapi. Lilikuwa limetumika kwa glifosati, kiuagugu kinachoua hata nyasi, na halikusuuzwa, na siku ya nane mistari ya njano ilijitokeza juu ya ukoka, kila mmoja ukiwa na upana uleule wa mpulizo wa nozeli. Ndiyo maana bomba langu la viuagugu lina mstari mwekundu wa rangi, na halitumiki kwa kingine.

Ukiwa bado umevaa glavu, achia shinikizo kwa kubana kifyatuo, kisha fungua mfuniko. Tia maji safi kama lita 2, tikisa, na uyapulizie yote kupitia mpira na nozeli, juu ya sehemu ileile iliyotibiwa, mbali na kisima na mtaro. Rudia mara tatu, na mara ya pili utie sabuni ya unga. Kumwaga kwa juu hakutoshi, kwa kuwa dawa hujificha ndani ya mpira na kwenye chujio la mpini. Toa chujio na nozeli, zioshe kwa mswaki ule wa bomba, kisha futa mikanda na nje ya tangi.

Chupa tupu nayo isuuzwe mara tatu, maji yake yamiminwe tangini wakati wa kuchanganya, halafu itobolewe, asije mtu akatilia mafuta ya taa. Osha glavu kabla ya kuzivua, kisha oga, na nguo zifuliwe peke yake. Likining'inizwa kichwa chini, mfuniko wazi, kivulini na ndani ya stoo yenye kufuli, bomba litakauka hadi tone la mwisho.