Jinsi ya kuomba ruzuku ya utafiti ya SBIR ukiwa na kampuni ndogo Marekani

Karibuni tena. Video ya leo ni ya wale mlioko Marekani mkiwa na kampuni ndogo, hata kama ni ya watu wawili na meza moja, na mna wazo la kiufundi ambalo benki hailielewi na wawekezaji wanasema bado bichi. Kuna fungu la serikali lililowekwa kwa ajili yenu. Linaitwa SBIR, kifupi cha Small Business Innovation Research, yaani utafiti wa ubunifu wa kampuni ndogo. Lilianzishwa kwa sheria mwaka 1982, na shirika lolote la serikali kuu linalotoa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwa utafiti unaofanywa nje ya kuta zake linalazimika kutenga asilimia 3.2 ya fedha hizo kwa kampuni ndogo. Fedha hizi huzirudishi, na serikali haichukui hisa hata moja. Qualcomm ilipokuwa kampuni changa ilipita mlango huu huu.

Ili tusizungumze hewani, tutatembea na mfano mmoja wa kubuni. Tuseme kuna dada yetu Ohio, ana kampuni ya watu watatu, na anataka kutengeneza kifaa kinachopima sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya ukungu, kwenye mahindi bila kuyasaga.

Kabla ya hatua zote, fungua tovuti ya sbir.gov uangalie kama dirisha liko wazi. Programu hii huendeshwa kwa kibali cha Bunge la Marekani chenye muda maalumu. Kibali kilikwisha Septemba 30, 2025, na maombi mapya yakasimama. Kwa hiyo usiamini tarehe uliyoiona kwenye video ya zamani, ikiwemo hii yangu ukiitazama baada ya muda. Soma tangazo lenyewe.

Hatua ya kwanza: hakikisha unastahili. Masharti ni matatu. Sharti la kwanza ni kampuni yenyewe: iwe ya kibiashara, iwe na makao Marekani, na wafanyakazi wasizidi 500. Hapo sote tunapita. Umiliki ndio wa kuangalia: zaidi ya nusu ya kampuni iwe mikononi mwa raia au wakazi wa kudumu wa Marekani. Nawasikia wengi wakisema lazima uwe raia. Hapana, grini kadi inatosha. Ila kama wewe uko kwa viza ya masomo au ya kazi na unamiliki asilimia 60, kampuni haistahili mpaka umiliki ubadilike.

Sharti la pili, kazi ya utafiti ifanyike ndani ya Marekani. Najua mmeshaanza kufikiria yule fundi wa programu aliyeko Nairobi au Dar ambaye bei yake ni nzuri. Mwache kwanza. Kufanya sehemu ya kazi nje ya nchi kunahitaji sababu nzito na ruhusa ya maandishi, na bei nafuu si sababu. Na kama una kampuni nyingine nyumbani, itaje. Tangu sheria ya mwaka 2022, waombaji wanajaza fomu ya kueleza uhusiano wao na nchi za nje. Walengwa wakuu ni China, Urusi, Iran na Korea Kaskazini, kwa hiyo kuwa na duka Mombasa hakukuharibii. Kulificha ndiko kunakoharibu.

Sharti la tatu ni mtafiti mkuu, na hapa wengi hukwama. Chini ya SBIR, siku ruzuku inapotolewa mtafiti mkuu lazima awe ameajiriwa zaidi ya nusu ya muda wake na kampuni ndogo. Kama dada yetu bado anafundisha chuo kikuu muda wote, itabidi apunguze kazi ya chuo au aombe likizo. Njia nyingine ni programu pacha, STTR, ambayo kampuni inaomba pamoja na chuo au taasisi ya utafiti isiyo ya faida. Kampuni ifanye angalau asilimia 40 ya kazi, taasisi angalau asilimia 30, na baadhi ya mashirika humruhusu mtafiti mkuu abaki kwenye ajira ya chuo.

Hatua ya pili: usajili. Haina utamu wowote, lakini ndiyo inayowaangusha watu wenye mawazo mazuri. Anza na namba ya mlipakodi ya kampuni, EIN, kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ni bure na unaipata mtandaoni. Kisha nenda SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wanaopokea fedha zake, usajili kampuni, upewe utambulisho wa herufi na tarakimu 12 uitwao UEI. Kisha ujisajili kwenye daftari la kampuni za SBIR linalosimamiwa na SBA, shirika la serikali la biashara ndogo. Baada ya hapo, kama unaomba NSF, Mfuko wa Taifa wa Sayansi, unafungua akaunti ya Research.gov, kama unaomba NIH, Taasisi za Taifa za Afya, unahitaji akaunti za Grants.gov na eRA Commons.

Simamisha video hapa uangalie hati zako. Jina la kampuni liwe lile lile kila mahali, herufi kwa herufi: kwenye cheti cha jimbo, kwenye barua ya IRS, kwenye SAM. Kama cheti kina koma kabla ya LLC, weka koma. Kama ulihama nyumba na IRS bado wana anwani ya zamani, rekebisha huko kwanza. Sanduku la posta halikubaliki kama anwani ya mahali ofisi ilipo. Mambo madogo kama haya yanaweza kurudisha ombi lako wiki baada ya wiki, na hakuna afisa atakayekuonea huruma kwa kuwa tarehe ya mwisho ni kesho. Jipe zaidi ya mwezi mmoja na nusu. Usajili wa SAM unahuishwa kila mwaka, andika kwenye kalenda.

Na jambo moja la kukupunguzia hasara: ukishajisajili SAM, utapokea barua pepe na simu za watu wanaojifanya serikali, wakidai dola mia kadhaa wakukamilishie usajili. Usajili ni bure. Anwani halisi inaishia na .gov. Wengine wote waache walie.

Hatua ya tatu: chagua mlango. Mashirika yanayoshiriki ni 11, na kila moja lina tabia yake. Wizara ya Ulinzi na NASA hutoa mikataba: wanaorodhesha matatizo yao, wewe unajibu. NSF hupokea karibu teknolojia yoyote ilimradi ni ngeni na ina soko. NIH ni afya. Wizara ya Kilimo ni chakula, mifugo, misitu, maisha ya vijijini. Dada yetu wa sumukuvu ana milango miwili ya wazi, Kilimo na NSF. Anaruhusiwa kubisha yote miwili mradi aseme hivyo kwenye fomu, lakini hawezi kulipwa mara mbili kwa kazi ile ile.

Ukishachagua, mwandikie afisa wa programu. Jina na barua pepe yake viko kwenye tangazo. Aya tatu zinatosha: tatizo ni nini, kipya ni nini, na je, hili linaingia kwenye mada yenu? Najua wengi wetu tumelelewa kuona kwamba ofisi ya serikali haisumbuliwi bila mtu wa kukutambulisha. Huku kujibu maswali yako ni sehemu ya kazi yake, na jibu la “hili si letu, jaribu Wizara ya Nishati” limekuokolea miezi ya kuandika.

Hatua ya nne, na hapa nitakaa. Unaomba fedha za kujibu swali. Hii ni awamu ya kwanza, na awamu ya kwanza ipo ili kujua kama jambo linawezekana. Wahakiki, yaani wataalamu wanaosoma na kupima maombi, wanatafuta mahali ambapo hata wewe mwenyewe huna uhakika wa kiufundi, na mpango wako wa kupata uhakika. Andiko likisema kila kitu kiko tayari, kimebaki kutengeneza na kuuza, watajiuliza utafiti uko wapi, na watakuwa sahihi.

Tazama sentensi hii ya kwanza kwenye skrini: “Tutatengeneza kifaa cha kisasa, cha bei nafuu, kitakachowasaidia wakulima na wafanyabiashara wa nafaka.” Inapendeza kwenye kipeperushi. Kwenye andiko haina kazi.

Sasa tazama dada yetu alivyoiandika upya. Anaanza na hali ilivyo: vipimo vya ukanda vinavyotumika ghalani vinataka mahindi yasagwe na kuchanganywa na kimiminika cha kutoa sumu, na sampuli iliyosagwa haiuzwi tena. Halafu anataja ugumu wenyewe: sumukuvu haienei sawasawa, punje chache ndani ya maelfu ndizo hubeba sumu nyingi, kwa hiyo ukichota kiganja kimoja unaweza kuzikosa zote. Kisha swali: “Je, mwanga wa infraredi unaweza kuitambua punje yenye sumu ikiwa nzima, ikipita kwa kasi, na mahindi yakiwa na unyevu wa asilimia 18?” Kisha kipimo: atapitisha punje 2,000 ambazo baadaye zitachunguzwa moja moja maabara, na kifaa kikikosea zaidi ya punje 5 kati ya 100, njia hiyo imeshindwa.

Umeona alivyotaja mapema namba ya kushindwa? Hapo mhakiki anaanza kukuamini. Malengo mawili au matatu ya namna hiyo yanatosha kwa awamu ya kwanza. Ukiweka saba, wanajua huna muda wa kuyafanya.

Soko nalo liandike kwa mtindo huo huo. Usiandike kwamba soko la mahindi duniani ni la mabilioni. Andika nani atalipa. Kwa mfano wetu ni mwenye ghala anayepokea malori wakati wa mavuno, kwa sababu kikomo cha Marekani kwa mahindi ya chakula cha binadamu ni sehemu 20 za sumukuvu kwa bilioni, na lori moja lililochafuka likimwagwa ghalani ni hasara yake. Zungumza na wenye maghala, na wawili au watatu waombe barua inayosema wangekijaribu kifaa hicho kwa masharti gani. Barua ya “tunamtakia kila la heri” haisaidii.

Hatua ya tano: kuandika. NSF hawapokei andiko zima moja kwa moja. Kwanza unatuma muhtasari wao uitwao Project Pitch. Una sehemu nne: ubunifu wa kiteknolojia, malengo na ugumu wa kiufundi, soko, na kampuni na timu. Mbili za kwanza ni herufi 3,500 kila moja, mbili za mwisho 1,750. Wakipenda wanakualika ulete andiko kamili. NIH hawana hatua hiyo; huko ukurasa mmoja wa malengo mahususi ndio unaobeba kila kitu, halafu kurasa 6 za mkakati wa utafiti. Uandike ukurasa huo wa malengo kwanza, na mpe asome mtu ambaye si wa fani yako.

Hatua ya sita: bajeti. Awamu ya kwanza ya NSF ilikuwa na kikomo cha dola 305,000. Weka mshahara wako halisi. Kuna watu wanajiandikia sifuri wakidhani wataonekana wanyenyekevu. Mhakiki anaona mtu ambaye hatakuwepo kazini. Angalau theluthi mbili ya kazi ya awamu ya kwanza ibaki kwenye kampuni yako, maabara ya nje na washauri wagawane iliyobaki. Omba gharama za uendeshaji, kodi ya ofisi na mhasibu vinaingia humo, na omba pia faida ndogo ya kampuni, ambayo kwa kawaida haizidi asilimia 7. Matangazo na mauzo usiyaweke kabisa.

Hatua ya saba: tuma siku kadhaa kabla. Tarehe za kawaida za NIH ni Januari 5, Aprili 5 na Septemba 5, saa 11 jioni kwa saa za mahali kampuni ilipo. Mfumo hurudisha maombi yenye makosa madogo, kiambatisho ambacho si PDF, ukurasa uliozidi, na unahitaji muda wa kusahihisha.

Kisha unasubiri miezi. NIH hutoa alama kuanzia 10 hadi 90, na huko alama ndogo ndiyo nzuri, usije ukashangilia 80. Wengi hukataliwa mara ya kwanza. Utapewa maoni ya wahakiki kwa maandishi. Yasome, yaache siku mbili hasira ishuke, kisha mpigie afisa wa programu umuulize lipi kati ya hayo ndilo lililokuangusha hasa. NIH inakuruhusu kurudisha andiko lile lile likiwa limerekebishwa mara moja, ndani ya miezi 37, pamoja na ukurasa mmoja wa kujibu hoja zao. Kwenye ukurasa huo usibishane. Taja hoja, onyesha ulichobadilisha na kiko ukurasa wa ngapi, nenda kwenye hoja inayofuata.